Paka wa Nyumbani na Mahali pa Choo Chake

Siku ya kupima mimba akina mama wengi hutuuliza swali moja. Wengine hungoja wenzao watoke kwanza, kisha huuliza kwa sauti ndogo: "Mganga, nimesikia kwamba paka huharibu mimba. Je, imenipasa kumfukuza paka wangu?" Wengine hawaulizi tena. Mume amekwisha kumpiga paka kwa fimbo na kumtupa porini, na baada ya majuma machache panya wamerudi katika mahindi.

Jibu letu ni hili, mama: usimfukuze paka, lakini shughulika na mavi yake. Ugonjwa unaosemwa upo kweli, nao unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini hautoki katika macho ya paka, wala katika kulia kwake usiku, wala katika kupita kwake mbele ya mlango. Unatoka katika mavi yake. Tena si siku zote, tena si katika mavi yaliyotoka leo. Ukifahamu vizuri jambo hili moja, utajua la kufanya.

PAKA NI MSAIDIZI

Tunafuga paka kwa sababu ya panya. Panya hula mahindi na maharagwe, hutoboa mifuko, hukojoa juu ya unga, huuma vidole vya watoto wanaolala. Katika sehemu za Ituri panya na viroboto vyao huleta tauni hata siku hizi. (Lakini kwa habari ya tauni msimtegemee paka peke yake. Akila panya mwenye tauni, huweza kuugua mwenyewe na kuwaambukiza watu. Katika nchi ya tauni, paka mwenye uvimbe shingoni asishikwe kwa mikono, na habari ipelekwe upesi kwa mganga.)

Biblia yetu haimtaji paka wa nyumbani hata mara moja. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba Maandiko yamemlaani.

UGONJWA WENYEWE

Jina lake ni toksoplasmozi. Huletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho. Mwaka 1908 waganga wawili Wafaransa, Charles Nicolle na Louis Manceaux, walikiona katika mji wa Tunis, ndani ya mwili wa mnyama mdogo wa Afrika ya Kaskazini aliye jamaa ya panya. Miaka mingi ikapita. Waganga wakakikuta katika kondoo, katika nguruwe, katika kuku, katika watoto wachanga, wasijue kinatoka wapi. Ni katika mwaka 1970 wataalamu walipothibitisha kwamba kijidudu hiki hutoa mayai yake ndani ya matumbo ya paka, na ya jamaa za paka wa mwituni, wala si ndani ya mnyama mwingine ye yote.

Paka hukipata jinsi gani? Hukipata kwa kula panya, ndege, au nyama mbichi yenye kijidudu hicho. Siku chache baadaye mayai huanza kutoka pamoja na mavi yake, mamilioni kwa mamilioni, kwa muda wa juma moja hata majuma matatu. Kisha mwili wake hupata nguvu ya kukishinda, na mayai hukoma. Kwa kawaida hayatoki tena, au hutoka mara chache tu. Basi paka wa kuangaliwa zaidi ni yule mdogo anayeanza kuwinda, kuliko yule mzee anayelala kando ya jiko mwaka wa saba sasa.

Hapa usome polepole. Yai linapotoka tumboni mwa paka halijaiva. Mtu akiligusa siku hiyo, haliwezi kumwambukiza. Lazima likae nje, penye hewa na unyevu, kwa muda wa siku moja hata siku 5, ndipo huiva na kuwa la hatari. Lakini likiisha kuiva, ni gumu kama mbegu. Katika udongo wenye kivuli na unyevu huweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja likingoja. Mvua hulipeleka mbali, miguu hulichukua, jembe hulifukua, mkono hulitia kinywani. Maji ya Javel hayaliui, wala dawa nyingi tunazotumia kuoshea sakafu. Maji yanayochemka huliua.

Kwa sababu hiyo tunasema: mavi ya paka yaondolewe kila siku. Yakiondolewa kila siku, mayai hayapati muda wa kuiva nyumbani mwako. Yakiachwa siku tatu au nne, umeyatunza mwenyewe mpaka yakapata nguvu.

Mtu mwenye afya akimeza mayai hayo, mara nyingi hajui neno. Labda atakuwa na homa kidogo, tezi za shingo zitavimba, kisha atapona, na kijidudu kitabaki kimelala mwilini mwake. Watu wengi katika Kongo wamekwisha kukipata tangu utoto. Mwanamke aliyekipata zamani, kabla ya mimba, mwili wake umekwisha kujifunza kukizuia, na mtoto wake karibu kila mara yu salama. Hatari ni kwa mama anayekipata mara ya kwanza akiwa na mimba. Hapo kijidudu huweza kumfikia mtoto. Mimba huweza kutoka, au mtoto huzaliwa na maji kichwani, au na degedege, au na macho yaliyoharibika. Wengine huzaliwa wakionekana wazima kabisa, na macho yao huanza kuugua baada ya miaka.

Tena kuna watu wengine wa kuangalia: wale wenye ugonjwa wa sida, yaani ukimwi. Nguvu ya mwili ikipungua sana, kijidudu kilicholala huamka katika ubongo. Mgonjwa huumwa kichwa, huchanganyikiwa, hupooza upande mmoja. Dawa wanazopewa kila siku huwakinga, nao wasiziache.

SI ULOZI

Mtoto akizaliwa na kichwa kikubwa chenye maji, au mimba ikitoka katika mwezi wa tano, jamaa huanza kumtafuta mlozi. Mara husemwa ni bibi fulani, mjane, jirani, mwenye paka mweusi. Mfumu hulipwa mbuzi, na bibi huyo hufukuzwa mjini au hupigwa. Ndugu, Kanisa haliwezi kunyamaza juu ya jambo hili. Rangi ya paka haina kazi yo yote katika ugonjwa huu. Mweusi, mweupe, mwenye madoa, wote huupata kwa njia moja, kwa kula panya. Yule mjane hakufanya neno lo lote, isipokuwa kufuga mnyama mmoja ili panya wasile chakula chake kichache.

Wala msimgeukie mama mwenyewe mkisema, "Ni kosa lako, ulifuga paka." Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Katika nchi yetu malaria na kaswende huharibu mimba nyingi sana. Kwa hiyo kulala ndani ya chandarua, kumeza dawa ya kuzuia malaria, na kupimwa damu ni mambo ya kwanza, na habari ya paka huja baadaye. Kichwa cha maji nacho hutoka pia kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa jinsi mtoto alivyofanyika tumboni. Kichwa cha mtoto kikizidi kukua, mleteni upesi hospitalini. Upo upasuaji wa kuyapunguza maji hayo, na kila juma mnalolipoteza kwa mfumu ubongo wa mtoto huzidi kubanwa.

JE, PAKA WA KONGO AHITAJI SANDUKU?

Wengine watacheka. Watasema, "Paka wetu huenda porini, sanduku la choo ni mambo ya Ulaya." Kwa mtu mwenye shamba kubwa huenda ni kweli. Paka wake hujificha mbali, huchimba, hufunika. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Musa aliwaagiza Waisraeli watoke nje ya kambi, wachimbe, na kufunika uchafu wao. Paka hufanya hivyo bila kuagizwa na mtu. Shida ni kwamba huchagua mahali mwenyewe. Hupenda udongo mkavu, mwepesi, uliolimwa. Na ni wapi penye udongo wa namna hiyo? Katika tuta la lengalenga ulilolipanda jana, na katika mchanga watoto wanamochezea.

Fikiri juu ya Goma. Mlima Nyiragongo ulimwaga mawe ya moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena mwaka 2021, na yale ya mwaka 2002 yalifunika sehemu kubwa ya mji. Watu wamejenga juu ya mawe hayo meusi. Hata mtu mwenye nguvu hutoka jasho akichimba choo. Paka atachimba wapi? Udongo mlaini katika uwanja ni ule tu ulioletwa kwa gari: fungu la mchanga la mwenye kujenga, na bustani ndogo ya mboga. Paka wa mtaa mzima hukutana hapo. Asubuhi watoto huketi juu ya fungu lile lile, hujenga vinyumba vyao kwa mikono, kisha huitwa kula.

Katika Bukavu na Bunia na miji mingine nyumba zimesongamana vilevile. Kwa hiyo mwenye paka mjini amfanyie mahali pake. Akiwa na mahali pazuri na pakavu karibu, hana sababu ya kwenda mbali. Na mtu wa kijijini aweza kumfanyia kando ya nyumba, chini ya kipaa, eneo la mita moja la udongo uliolainishwa na kuchanganywa na mchanga, mbali na kisima na mboga. Naye aliondoe hilo nalo kila siku, kama tutakavyosema kwa sanduku.

TUTIE NINI NDANI?

Katika Ulaya na Marekani watu hununua udongo maalum dukani kwa ajili ya choo cha paka. Desturi hiyo si ya zamani. Ilianza mwaka 1947 katika jimbo la Michigan, Marekani. Mtu jina lake Edward Lowe alikuwa akiuza udongo mkavu wa punje punje, wa kunyonya mafuta yaliyomwagika katika karakana. Jirani yake, aliyezoea kumtilia paka wake majivu, alikuwa amechoka kuona nyayo nyeusi nyumbani mwote. Lowe akampa ule udongo, akapendezwa, na baadaye Lowe akawa tajiri. Kabla ya hapo watu wa huko walitumia vitu vile vile tulivyo navyo sisi: mchanga, udongo, majivu. Basi asiyeweza kununua asione haya.

Mchanga mwembamba na mkavu ndio tunaousifu kwanza. Paka huupenda kuliko vyote, kwa kuwa huchimbika na hauumizi nyayo. Mavi huonekana na kuchotwa kwa urahisi. Ubaya wake ni uzito, tena haunyonyi mkojo sana, hata harufu huanza upesi. Uanike juani kabla ya kuutumia. Na usiuchote katika fungu la mjenzi lililoachwa wazi, maana paka wengine wamekwisha kupita hapo. Wenye kukaa karibu na volkano wana mchanga mweusi mwepesi, wenye matundu matundu, ambao hunyonya vizuri. Lakini lazima uchekechwe kwanza. Vipande vyenye ncha humchoma paka, naye huondoka.

Majivu huondoa harufu kuliko mchanga, nayo hayanunuliwi. Lakini yana hatari mbili. Ya kwanza ni moto. Majivu yaliyotoka katika mbabula jioni huweza kuficha kaa hata asubuhi. Yakae siku nzima katika chombo cha bati, nje, ndipo yatumike. Ya pili ni ukali. Bibi zetu walipitisha maji katika majivu ili kupata chumvi, na kwa kutengeneza sabuni. Wote wanajua maji yale jinsi yanavyouma ngozi. Majivu ya kuni yakilowana kwa mkojo hufanya maji ya namna hiyo, paka huchomwa nyayo, kisha hujilamba. Kwa hiyo usitie majivu matupu. Tia mchanga sehemu tatu na majivu sehemu moja, changanya vizuri, nawe utakuwa umepata faida ya vyote viwili.

Unga wa mbao, ule unaoanguka chini ya msumeno wa seremala, ni mwepesi na hunyonya sana. Muulize seremala kama mbao zake zilipakwa dawa ya kuzuia mchwa. Kama zilipakwa, usiuchukue. Ukiwa na vumbi jembamba mno, uchekeche nje, maana huingia puani mwa paka na mwa watu. Maganda ya mpunga hufaa kama huna kingine. Hunyonya kidogo tu, basi yabadilishwe mara nyingi. Karatasi za magazeti zilizochanwa chanwa hufaa kwa paka mwenye kidonda mguuni, ili mchanga usiingie kidondani.

Cho chote utakachochagua, usikibadilishe badilishe. Paka ni mtu wa desturi, kama wazee wetu wengine. Ukitaka kubadili, changanya kidogo kidogo kwa juma zima.

SANDUKU NA MAHALI PAKE

Chombo si lazima kiwe kizuri. Beseni la zamani lafaa, au bidoni ya mafuta ya lita 20 iliyokatwa kwa urefu, kingo zake zikiisha kulainishwa. Sanduku la mbao ni baya kidogo kwa sababu hunyonya mkojo na haliwezi kuoshwa likatakata. Kama ni hilo tu ulilo nalo, litandikie bati au karatasi ya plastiki. Chombo kiwe na nafasi ya paka kugeuka. Kwa vitoto vya paka kingo ziwe fupi. Tia mchanga wa kina cha vidole 3 au 4. Paka wawili wapewe masanduku mawili, na ukiweza ongeza la tatu, maana wengine hukataa kuingia mahali alipotangulia mwenzake.

Mahali pawe pametulia, pasipopitwa na watu kila saa. Pasiwe jikoni, wala karibu na mtungi wa maji ya kunywa, wala mahali pa kuweka unga. Tena pasiwe karibu na chakula cha paka mwenyewe. Mnyama huyu hachanganyi mambo hayo mawili, akatupita sisi wengine.

Vitoto vya paka hujifunza wakiwa na umri wa majuma matatu au manne. Kikiisha kula, kiweke juu ya mchanga, ukwarue kidogo kwa kidole mbele yake. Siku chache zatosha. Usimsugue paka pua yake katika mavi, wala usimpige. Hatajifunza neno, ila atakuogopa na kujificha chini ya kitanda ili afanye huko.

KAZI YA KILA SIKU NA MWENYE KUIFANYA

Kila siku, na ikiwezekana asubuhi na jioni, chota mavi na mchanga uliolowana. Kijiko kikubwa cha zamani chafaa, au kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Chombo hicho kiwe cha kazi hiyo tu, kisirudi jikoni. Yale uliyochota yatie katika choo cha shimo, au uyafukie katika shimo lenye kina cha mkono mzima, mbali na kisima, mto na shamba. Usiyatie katika mbolea ya mboga. Mahali pasipochimbika, yafunge ndani ya mfuko na kuyapeleka pamoja na takataka, mfuko usipasuliwe na mbwa wala kuku.

Mara moja kwa juma mwaga mchanga wote. Osha sanduku kwa sabuni, kisha limiminie maji yanayochemka, uliache juani likauke. Usitie Javel juu ya sanduku lenye mkojo: vitu hivi viwili vikikutana hutoa hewa kali inayoumiza kifua. Wala usitumie kreolini na dawa nyingine za harufu kama hiyo, maana mwili wa paka hauwezi kuziondoa; humwua polepole kwa kulamba nyayo zake. Sabuni na maji ya moto yatosha.

Sasa ni nani atafanya? Katika nyumba nyingi kazi ya kuondoa uchafu ni ya mama na binti zake. Mama akiwa na mimba, kazi hii si yake. Baba wa nyumba na aichukue. Tumesikia wanaume wakisema kwamba ni aibu mwanamume kuchota mavi ya paka. Kazi yenyewe ni ya dakika 5, kwa miezi 9, kwa ajili ya mtoto atakayeitwa kwa jina la baba huyo. Sisi hatuoni aibu iko wapi. Watoto wadogo wasipewe kazi hii, kwa kuwa mikono yao huenda kinywani wakati wote. Wala mgonjwa wa sida asipewe, kama yuko mtu mwingine.

Mama asiye na msaidizi, mjane au yule ambaye mume yuko mbali, afanye mwenyewe kila siku bila kuruka. Avae glavu, au ajifunge mfuko wa plastiki mkononi, asitimue vumbi, kisha anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na kusafisha chini ya kucha. Akifanya hivyo hatari inabaki ndogo sana. Anaweza kumshika paka wake na kumlisha. Kwa manyoya ugonjwa huu haupatikani kwa urahisi. Anawe tu kabla ya kula.

MCHANGA, MBOGA NA NYAMA

Mtu aweza kuwa hana paka, akaugua. Paka wa jirani hupita usiku. Basi fungu la mchanga lifunikwe kwa bati au turubai kila jioni. Watoto wanaocheza katika mchanga wenye mavi ya paka hupata mambo mengine pia: mayai ya minyoo ya paka, ambayo huweza kuingia machoni, na minyoo midogo inayotambaa chini ya ngozi ya miguu ikichora mistari myekundu yenye kuwasha. Juu ya matuta mapya tandaza matawi yenye miiba, na uyamwagilie. Paka hapendi kuchimba penye maji. Mama mwenye mimba akilima, avae glavu kama anazo, na anawe kabla hajamnyonyesha mtoto au kugusa chakula. Sombe huchemshwa muda mrefu, haina shida. Nyanya, vitunguu na kabichi zinazoliwa mbichi zioshwe vizuri kwa maji safi, mara mbili au tatu, kila jani peke yake.

Nyama nayo ni njia kubwa ya ugonjwa huu, huenda kubwa kuliko paka wako. Kijidudu hulala ndani ya nyama ya mbuzi, ya kondoo na ya nguruwe. Ile michopo ya njiani, iliyoungua nje na kuwa nyekundu ndani, mama mwenye mimba asiile. Nyama iive mpaka ndani pasibaki wekundu. Kisu na ubao wa kukatia nyama mbichi vioshwe kabla ya kukata nyanya. Wala usimtupie paka matumbo mabichi ya mbuzi siku ya sikukuu, mpe yaliyopikwa.

PAKA AKIKATAA SANDUKU

Mara nyingi sababu ni uchafu: umesahau siku mbili, naye amechagua kitanda chako. Au umelihamisha sanduku. Au umelipaka dawa yenye harufu. Tengeneza hayo kwanza. Lakini paka dume akiingia na kutoka sandukuni mara nyingi, akijikamua na kulia, pasitoke mkojo au yatoke matone tu, huo si ukaidi. Njia yake imezibika, naye huweza kufa kwa siku mbili. Mpeleke kwa mganga wa wanyama siku hiyo hiyo.

MAMA ALIYEKWISHA KULISAFISHA

Huenda umesoma mpaka hapa ukiwa na mimba ya miezi 4, nawe umelisafisha sanduku kila Jumamosi tangu mwanzo. Usifadhaike, wala usikae nyumbani na hofu. Njoo siku ya kupima mimba, umweleze mwuguzi mambo yote bila kuficha: tangu lini una paka, kama ni mchanga au mzee, kama ulikuwa na homa au tezi zilizovimba. Mahali penye vyombo damu yako itapimwa, ili ijulikane kama uliupata ugonjwa zamani au juzi. Wengi huonekana waliupata zamani, nao hurudi nyumbani wakiwa na raha. Kwa yule aliyeupata sasa dawa ziko, na zikianzwa mapema humsaidia mtoto. Mtoto akiisha kuzaliwa, mlete apimwe kichwa na macho, hata kama anaonekana mzima, na umlete tena kila mara mganga atakapokuambia, mpaka atakapokuwa mkubwa wa kutosha kusema mwenyewe kama anaona vizuri.